Mti Ulioachwa: Ushauri kwa Wapiga Picha Nyeusi na Nyeupe

Kwa Kiarabu cha Juba, "lemun" ni limau na "gaba" ni msitu. Ukifika mtaa wa Lemon Gaba jijini Juba, Sudan Kusini, leo ukiutafuta msitu huo, utakutana na nyumba za mabati, kuta za matofali ambazo hazijapigwa lipu, malori ya kuuza maji, na barabara za moramu zinazorusha vumbi jekundu hadi kwenye kamba za kuanikia nguo. Miti ipo, ila imebaki mmoja mmoja: mwembe ndani ya ua wa mtu, mwarobaini mbele ya duka, mkwaju mahali viwanja vinapoishia. Wahenga walisema penye miti hakuna wajenzi. Hapa wajenzi wameshakuja, na miti sasa unaweza kuihesabu.

Mti wa namna hiyo, uliosimama peke yake na anga nyuma yake, ndio unaowavuta wengi wanaoanza kupenda picha nyeusi na nyeupe. Wana haki ya kuvutwa. Mti mmoja una kila kinachohitajika: mstari wa shina, umbo la matawi, weusi wa kivuli, weupe wa anga. Lakini picha nyingi ninazoletewa na vijana nizitazame zinafanana, kana kwamba wote wamekwenda kwenye mti uleule. Kosa haliko kwenye kamera. Wameupiga mti picha bila kujua kwa nini upo.

Hilo ndilo neno langu katika makala hii yote. Mti uliobaki peke yake katikati ya mji unaojengwa umeachwa na mtu. Kuna siku aliyeshika shoka aliambiwa alishushe, au alilishusha mwenyewe. Ukiijua sababu, utajua usimame wapi, uje saa ngapi, na kipi ndani ya picha kiwe cheusi na kipi kiwe cheupe. Usipoijua, utakuwa unabahatisha.

Anza kwa kuuliza

Nilikuwa na mkwaju wangu pembezoni mwa Lemon Gaba. Niliupiga picha asubuhi nne mfululizo kwa uangalifu wote niliofundishwa: jua la pembeni, vumbi jepesi nyuma, upeo wa macho ukiwa chini. Picha zilitoka safi, na hazikusema kitu. Asubuhi ya tano, mama anayeuza chai chini ya mti ule aliniita. Alikuwa ameishi miaka mingi Kakuma, Kenya, na Kiswahili alikichukua huko.

"Mwanangu, kila siku unakuja, unapiga, unaenda. Hata salamu?"

Niliiweka kamera chini, nikamwamkia, nikamwomba radhi, nikakaa. Akanimiminia chai. Ndipo aliponieleza kwamba viwanja vilipopimwa, mkwaju ule ulikuwa ukatwe uchomwe mkaa, na tawi la upande wa barabara lilikuwa tayari limeanguka wazee walipofika na kukataa. Hapo ndipo majirani hukaa adhuhuri, hapo hupatanishwa waliogombana, na hapo huwekwa viti panapotokea msiba. "Hapa ndipo sebuleni kwetu," alisema.

Nilikuwa nimebonyeza kitufe mara nyingi mbele ya mti ule, na kovu la tawi lililokatwa sikuwa nimeliona. Sikuwa nimeiona wala ardhi ya chini yake, iliyosuguliwa kwa ndala na miguu ya viti hadi ikawa ngumu na laini kama sakafu ya saruji.

Uzito wa jambo hili utauelewa ukikumbuka mkaa. Nyumba nyingi za Juba hupikia mkaa, na magunia huingia mjini kila siku kutoka porini. Mti mkubwa ni fedha iliyosimama. Anayeuacha amekubali kukosa kitu ili apate kingine, na hicho kingine ndicho unachokitafuta kwa lenzi.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haihitaji kamera. Nenda mikono mitupu. Salimia, kaa, nunua chai au karanga, kisha uliza mambo matatu: mti huu mnauitaje, ni wa nani, na kwa nini haukukatwa. Jibu la tatu litakuonyesha pa kutazama. Ukiwa umeachwa kwa ajili ya matunda, njoo msimu wa matunda, watoto wakiwa na fimbo zao. Ukiwa ni alama ya mpaka, simama pale ukuta au ua unapougusa. Ukiwa umeota kando ya kaburi, omba ruhusa ya familia, uiombe tena siku ya kupiga, na uwe tayari kuambiwa hapana.

Sababu inaweza kuwa nzito kuliko barabara. Novemba 2020, ilipokuwa ikijengwa barabara kuu ya juu jijini Nairobi, mugumo mkongwe wa Westlands kando ya Waiyaki Way ulikuwa ung'olewe. Watu walipaza sauti, na Rais Uhuru Kenyatta akaamuru usiguswe. Kwa Wakikuyu mugumo ni mti wa ibada. Aliyelijua hilo aliutazama kwa jicho jingine kabisa kuliko aliyeona mti mkubwa tu kando ya foleni ya magari.

Kibali na adabu ya miguu

Sudan Kusini si nchi ya kutoa kamera begani ovyo. Upigaji picha hadharani unadhibitiwa. Omba kibali cha maandishi kwa mamlaka husika kabla hujaanza, tembea nacho, na nakala yake iwe kwenye simu. Kisha nenda kwa chifu au mzee wa mtaa ujitambulishe, maana barua ya ofisini haimtoi wasiwasi mtu anayekuona nyuma ya ua wake. Usielekeze lenzi kwenye uwanja wa ndege, madaraja, kambi, ofisi za serikali wala askari, hata wakiwa wadogo kwa mbali nyuma ya mti. Kagua kingo zote nne za picha kabla ya kubonyeza. Droni iache nyumbani. Ukisimamishwa, shusha kamera, salimia, toa kibali, jibu kwa upole.

Ukiutafuta mti nje ya makazi, fuata njia inayokanyagwa kila siku. Vita virefu viliacha mabomu ya ardhini na silaha ambazo hazijalipuka katika sehemu mbalimbali za nchi, na kazi ya kuyaondoa bado inaendelea. Mwenyeji akikuambia usipite pale, usipite, wala usimwombe maelezo.

Shamba la mtu nalo ni mpaka. Huko Biei, katika kisiwa cha Hokkaido nchini Japani, palikuwa na mti mmoja ulioinama kidogo kama mtu anayewaza, na watu wakauita Mti wa Mwanafalsafa. Wapiga picha walimiminika. Mkulima aliwaomba wasiingie shambani, wengi hawakusikia. Mti wenyewe ulikuwa umezeeka, lakini mazao yaliyokanyagwa yalikuwa sehemu ya uamuzi, na Februari 2016 mwenye shamba akaukata. Waliosema wanaupenda walichangia kuumaliza. Usiwe mmoja wao: hatua tatu za ziada ndani ya mtama wa mtu hazina picha inayozistahili.

Jua la Juba hupanda wima

Juba iko karibu nyuzi 5 kaskazini mwa ikweta, kwa hiyo jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili asubuhi mwaka mzima na hupanda karibu wima, takriban nyuzi 15 kwa kila saa. Ukitoka Nairobi, Kampala au Dar es Salaam, kumbuka kwamba tangu 1 Februari 2021 Sudan Kusini iko nyuma yako kwa saa moja; rekebisha kengele ya simu yako usiku uleule unaofika.

Chukua mti wenye urefu wa mita 8. Saa moja baada ya jua kuchomoza, kivuli chake kina urefu wa karibu mita 30. Saa mbili baada ya kuchomoza, kimebaki mita 14. Saa tatu baada ya kuchomoza, mita 8, sawa na mti wenyewe. Maana yake ni kwamba mwanga ule wa ubavuni, unaochora mikunjo ya gamba la mti na kulaza kivuli kirefu ardhini, unaupata kwa muda usiozidi saa moja na nusu. Fika kabla ya kukucha. Uwe umeshachagua pa kusimama tangu jana.

Mahali jua linapochomozea napo huhama. Kati ya Juni na Desemba husogea karibu nyuzi 47, kutoka kaskazini mwa mashariki hadi kusini mwa mashariki. Kama unataka jua litokee nyuma ya shina, huenda ni wiki mbili tatu tu za mwaka zinazokupa nafasi hiyo. Andika tarehe.

Misimu pia ina tabia zake. Kiangazi, kuanzia Desemba hadi Machi, anga huwa nyeupe kwa vumbi na moshi wa nyasi zinazochomwa. Wengi hulalamika, lakini kwa mti mmoja hali hiyo ni zawadi: nyumba, nguzo na miti ya mbali hufifia kuwa kijivu chepesi, na mti wako hubaki mbele ukiwa mweusi, umejitenga bila wewe kuhangaika. Msimu wa mvua, kuanzia Aprili hadi Oktoba, ni wa mawingu. Subiri saa moja kabla ya mvua ya mchana, mawingu yanapojenga mnara mweupe juu na tumbo la giza chini. Lakini ngurumo ikianza, ondoka haraka. Usijikinge chini ya mti wenyewe.

Ujue pia aina ya mti ulio nao. Vijani vya mkwaju hujikunja usiku na kufunguka kukicha. Ukifika mapema mno utakuta taji limepungua, matawi yanaonekana kama mishipa ya mkono. Ukingoja, taji hujaa mbele ya macho yako. Hizo ni picha mbili tofauti za mti mmoja ndani ya asubuhi moja. Chagua ile inayosema unachotaka kusema.

Sasa nirudi kwa mama muuza chai, maana hapo ndipo nilipojifunza kilichobadilisha kazi yangu. Kila mwalimu wa picha husema asubuhi na jioni, usipige adhuhuri. Nami nimekwisha kukueleza uzuri wa asubuhi. Lakini mkwaju ule uliachwa kwa sababu ya kivuli, na kivuli hakina kazi saa kumi na mbili asubuhi. Saa yake ni saa sita mchana. Mwanzoni mwa Aprili, na tena Septemba kabla ya katikati ya mwezi, jua la Juba hupita juu kabisa ya kichwa. Kivuli cha mti hukusanyika chini yake kama mkeka wa duara, na nje ya mkeka huo ardhi huwaka. Nilirudi saa sita. Watu kumi na wawili walikuwa wamekaa ndani ya duara lile, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ametoa mguu nje ya mstari wa jua. Picha niliyoitafuta asubuhi nne ilikuwa pale, katika saa niliyokatazwa.

Kanuni ya asubuhi ni nzuri kwa mti usioujua. Ukishaujua, fuata saa yake.

Pa kusimama

Zunguka mti mzima kabla hujapiga hata picha moja. Tembea duara kubwa, kisha duara dogo. Unatafuta upande ambao matawi hayapandani sana, na upande ambao nyuma yake pametulia. Adui wa mti mmoja mjini ni nyaya, nguzo na matangi ya maji ya plastiki juu ya minara. Hatua mbili kushoto zinaweza kuificha nguzo nyuma ya shina.

Kisha shuka. Piga goti, au laza kamera karibu na ardhi. Ukishuka, paa za mabati huzama na taji la mti hupanda angani. Jambo la kuangalia ni kwamba taji lote lizungukwe na anga, lisikatwe na mstari wa paa wala kilima. Tawi moja likigusa paa la nyuma, jicho la mtazamaji hukwama hapo na haliendi tena.

Usiuweke upeo wa macho katikati. Amua: je, anga ndiyo yenye habari au ardhi? Mawingu yakiwa makubwa, ipe anga robo tatu. Kivuli kikiwa ndicho habari, ipe ardhi sehemu kubwa, hata ncha ya mti ikaribie ukingo wa juu. Mti ukiwa umeegemea upande mmoja, acha nafasi upande ule unaouelekea.

Mwenye simu asivute kwa vidole, ubora hupotea. Atembee. Mwenye lenzi ndefu arudi nyuma mita mia au zaidi, avute, na mlima wa Jebel Kujur, ukiwa unaonekana kutoka alipo, utasogea karibu na mti badala ya kuonekana kichuguu. Mwenye lenzi pana akaribie sana, mizizi ijaze sehemu ya chini. Na ukiulizwa kama mtu awemo kwenye picha ya mandhari, jibu liko kwa mti wako. Mti wa kivuli bila watu ni nusu ya habari. Omba ruhusa, kisha kaa hadi wakusahau.

Kupima mwanga

Kamera haijui kwamba mbele yake kuna mti. Kila inachokiona hutaka kukifanya kijivu cha wastani. Ikielekezwa kwenye shina jeusi, italiangaza hadi anga ipotee kabisa. Ikielekezwa kwenye anga, itaufanya mti kuwa kipande cheusi kisicho na gamba. Kazi ya kuamua ni yako.

Kwa kamera za kidijitali na simu, linda weupe. Weupe ukishaungua haurudi, lakini giza lina hazina unayoweza kuichota baadaye. Kwenye simu, gusa sehemu yenye mwanga mkali zaidi unayotaka ibaki na umbo, kwa mfano ubavu wa wingu, shikilia kidole hadi kipimo kijifunge, kisha punguza mwanga kidogo. Kwenye kamera, punguza hatua moja kutoka kwenye kipimo chake, piga, tazama histogramu, na uhakikishe mlima wake haujagonga ukuta wa kulia. Hifadhi faili ghafi, ile aina iitwayo RAW, kama kamera au simu yako inaweza. Hata ukiweka kioo kionyeshe nyeusi na nyeupe ili kuzoesha macho, faili hilo litabaki na rangi zote, na utazihitaji.

Weka ISO 100 au iliyo karibu nayo, tundu la lenzi f/8 au f/11, na shata lisiwe chini ya 1/250 kama hakuna stendi na kuna upepo. Majani ya mkwaju ni mepesi, hutikisika hata wewe usipousikia upepo. Asubuhi ya giza tumia stendi ya miguu mitatu na uwashe kipima muda cha sekunde mbili ili kidole chako kisiitikise kamera. Usibadilishe lenzi barabarani lori linapopita. Puliza vumbi kwa kipulizio kabla ya kufuta, maana vumbi la moramu ni mchanga mwembamba, na kitambaa kikilisugua huchora kioo.

Kutoka rangi hadi kijivu

Hapa ndipo picha nyingi za Juba zinapokufa, na sababu yake ni rahisi kuielewa. Kwa macho, udongo mwekundu na majani mabichi vinapishana kama usiku na mchana. Ukiondoa rangi tu, vyote viwili huweza kuangukia kijivu kilekile. Mti uliokuwa ukipiga kelele kwenye rangi humezwa na ardhi.

Dawa yake ni kuamua kila rangi igeuke kijivu gani. Katika programu kama Lightroom au Darktable kuna vitelezi vya rangi mojamoja unapogeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe. Snapseed kwenye simu ina filta za rangi kwa kazi hiyohiyo. Ukiinua nyekundu na rangi ya machungwa na kushusha kijani, udongo unakuwa mweupe na mti unakuwa mweusi. Ukifanya kinyume, majani yanang'aa juu ya ardhi ya giza. Ukishusha buluu, anga safi huwa nzito na mawingu hujitokeza.

Ujuzi huu ni wa zamani kuliko kompyuta. Tarehe 10 Aprili 1927, mpiga picha Ansel Adams alikuwa juu ya mwamba huko Yosemite, Marekani, akiukabili mlima wa Half Dome, na sahani za kupigia picha zilikuwa zimekaribia kumwishia. Alipiga moja kwa filta ya njano, kisha akatambua kwamba anga ingetoka kijivu cha kawaida, na yeye alikuwa akiihisi nzito na nyeusi. Akaweka filta nyekundu iliyokolea na kutumia sahani ya mwisho. Ndiyo picha iliyompa jina. Somo lake kwetu: alijua anachotaka anga iseme kabla hajabonyeza. Ila tahadhari moja ya kwetu. Filta nyekundu hutia giza anga ya buluu. Anga ya Januari yenye vumbi haina buluu ya kutiwa giza, kwa hiyo usishangae isipofanya kitu. Itang'arisha udongo tu.

Na uamuzi wa kijivu, kama ule wa saa, unatoka kwenye sababu ya mti. Kwa mkwaju wa kivuli nilitaka mtazamaji ahisi joto nje na ubaridi ndani. Niliinua nyekundu hadi ardhi ya nje ikawa karibu karatasi tupu, nikaacha kivuli kizito, kisha nikakifungua kidogo tu, kiasi cha kuonekana vikombe, magoti na kovu la tawi. Kivuli kisichoonekana kitu ndani yake ni shimo. Kivuli kinachoonekana kila kitu si kivuli tena.

Rudi, kisha rudi tena

Chagua mti mmoja ukae nao mwaka mzima. Weka alama ya mahali unaposimama: jiwe, kona ya ukuta, hatua ulizohesabu kutoka kwenye shina. Njoo mara moja kila mwezi na upige picha ileile kwa lenzi ileile kabla ya kujaribu jipya. Andika tarehe, saa, hali ya hewa na jambo moja ulilosikia pale. Baada ya miezi kumi na miwili utakuwa na picha kumi na mbili zinazoonyesha ukuta ukiongezeka, tawi likikatwa, majani yakijaa na kupungua. Hiyo ni kazi ambayo mgeni wa siku mbili hawezi kuifanya, hata awe na kamera ya bei ya gari.

Fanya hivyo mapema, kwa maana mti mmoja hauna ndugu wa kuushikilia. Katika jangwa la Ténéré, nchini Niger, palikuwa na mshita mmoja uliosimama mbali sana na mti mwingine wowote, misafara ikiutumia kama alama ya njia. Mwaka 1973 lori liliugonga ukaanguka. Mabaki yake yako kwenye makumbusho ya taifa mjini Niamey. Watu waliuzunguka kwa heshima miaka na miaka, na dereva mmoja akatosha.

Wala usikomee kwenye kupiga picha. Mbrazili Sebastião Salgado, bingwa wa picha nyeusi na nyeupe aliyefariki Mei 2025, aliwapiga picha Wadinka katika kambi zao za ng'ombe katika nchi hii kabla haijawa huru. Mwaka 1998 yeye na mkewe Lélia walianzisha Instituto Terra ili kurudisha msitu katika shamba la familia yake lililokuwa limechakaa, na miche waliyoipanda tangu hapo ni mamilioni. Wewe anza na mmoja. Mwarobaini hukua haraka Juba; mwembe utampa mtu sababu ya kutoukata. Zungushia miiba mbuzi wasiufikie, na umwombe jirani mmoja aumwagilie maji yaliyooshewa vyombo.

Karatasi

Picha ya nyeusi na nyeupe haijakamilika hadi iwe karatasi. Kioo cha simu kina mwanga wake wenyewe, na hukudanganya kuhusu giza. Kivuli kilichoonekana vizuri kwenye simu huweza kuziba kabisa kikichapwa. Chapa kwanza nakala ndogo ya majaribio, itazame karibu na dirisha mchana, kisha fungua vivuli kidogo na uchape tena. Chagua karatasi isiyong'aa. Weusi wake si wa kina kama wa karatasi inayong'aa, lakini haurudishi mwanga wa taa usoni mwa mtazamaji.

Nakala ya kwanza nzuri mpelekee mwenye mti. Usiitume kwa simu. Nenda nayo, imefungwa isipigwe na vumbi.

Nilimpelekea mama ya kwake adhuhuri moja. Alifuta mikono kwenye kanga, akaishika kingoni, akaitazama kimya. Hakutazama anga niliyoihangaikia, wala matawi. Aliweka kidole kwenye mzizi mmoja wa kushoto, mahali palipokuwa wazi, akataja jina la mzee anayekaa pale kila siku na ambaye siku ile alikuwa amekwenda kliniki.

Wiki iliyofuata nilirudi saa sita. Mzee alikuwa amekaa palepale.